Mkojo umetakata na ultrasaundi haikuona kitu: je, figo iliyogongwa iko salama?

"Daktari, habari za kazi. Mdogo wangu ana miaka 16. Siku nne zilizopita alianguka kutoka juu ya jukwaa la mafundi, kama mita nne hivi, akatua kwa ubavu wa kushoto juu ya rundo la matofali. Siku ile alikojoa mkojo mwekundu, kesho yake ukaanza kutakata, na sasa ukiutazama ni wa kawaida. Hospitali ya kwanza walimpiga ultrasaundi, wakasema figo zote mbili ni nzima na tumboni hakuna maji, wakampa diklofenaki tukarudi nyumbani. Tangu jana maumivu yanazidi badala ya kupungua, usiku anapata joto, na chakula anakitapika. Daktari mwingine amempima mkojo kwa kijiti akaona damu bado ipo, naye anataka apigwe CT ya dawa. Baba anaogopa dawa hiyo itaimaliza figo iliyoumia. Je, kipimo hicho ni cha lazima wakati mkojo ni safi na ultrasaundi ilikuwa nzuri? Na ni kweli mrija unaotoka kwenye figo unaweza kukatika mtu asijue?"

Ndugu yangu, nianze na lisilosubiri: mpelekeni hospitali leo, yenye daktari wa upasuaji na mashine ya CT, ile ya mionzi inayopiga picha za mwili vipande vipande. Mtu aliyegongwa ubavuni hutarajiwa kupata nafuu kidogo kila siku. Maumivu yanayopanda siku ya nne, joto la usiku na tumbo kukataa chakula ni dalili kwamba huenda kuna kitu kinajikusanya nyuma ya tumbo: damu, mkojo uliovuja, au usaha. Daktari wa pili yuko sahihi. Kwa sasa alale, asibebe kitu, na asikandwe ubavu hata kwa maji ya moto. Aache diklofenaki, kwa sababu inapunguza uwezo wa damu kuganda na pia inabana damu inayoingia kwenye figo. Parasetamoli inatosha hadi aonwe. Akizimia, akitoka jasho la baridi, moyo ukienda mbio, tumbo likivimba na kukaza, au mkojo ukirudi kuwa mwekundu wenye mabonge au ukakatika kabisa, hiyo ni dharura ya dakika, msingoje gari la baadaye.

Sasa nieleze kwa nini mkojo uliotakata haunitulizi. Wengi hupima ukubwa wa jeraha la figo kwa wekundu wa mkojo, na kipimo hicho hudanganya pande zote mbili. Mililita moja tu ya damu inaweza kubadili rangi ya lita nzima ya mkojo, kwa hiyo mchubuko mdogo ndani ya figo unaweza kumtisha mtu kwa mkojo mwekundu siku nzima kisha ukapona wenyewe. Upande wa pili, damu hufika kwenye mkojo ikiwa tu njia iko wazi. Ateri ya figo ikiziba kwa donge, figo hiyo haipati damu, haitengenezi mkojo, na hakuna cha kuubeba wekundu hadi kibofuni. Mrija wa mkojo ukikatika kabisa, damu na mkojo vyote vinamwagika nyuma ya tumbo, huku figo ya pili ikiendelea kujaza kibofu kwa mkojo safi kabisa. Yaani majeraha mawili mabaya kuliko yote ndiyo yanayoweza kuwa na mkojo usio na tone la damu.

Pale mkojo unapokuwa mwekundu, kuna faida nyingine ya kuupima. Wodini huwa tunaweka sampuli za kila mkojo kwenye vichupa vyeupe vilivyoandikwa saa, vikapangwa kwa mstari, ili kuona kama rangi inapungua au inarudi. Hata nyumbani mngeweza kufanya hivyo kwa chupa safi. Mabonge membamba marefu kama minyoo kwa kawaida yametoka juu, kwenye mrija au figo, kwa kuwa yamechukua umbo la mrija. Kijiti cha mkojo nacho kisiachwe peke yake. Kinageuka rangi kwa damu, lakini kinageuka pia kwa protini inayotoka kwenye misuli iliyopondwa, jambo linalowezekana kabisa kwa aliyeangukia matofali. Ndiyo maana mkojo uangaliwe kwa hadubini: zaidi ya chembe nyekundu tano katika eneo moja la lenzi yenye ukuzaji mkubwa, hiyo ni damu kweli. Kijiti kikisema damu na hadubini isione chembe, daktari afikirie misuli.

Ni nani hasa anahitaji CT baada ya kugongwa? Kwa mtu mzima aliyepigwa bila kutobolewa, kanuni inayotumika sehemu nyingi duniani ni hii: apigwe CT ikiwa damu ilionekana kwa macho, au ikiwa damu inaonekana kwa hadubini tu lakini presha, ile namba ya juu, ilishuka chini ya 90 wakati wowote tangu ajali, hata njiani. Anayekuwa na damu ya hadubini peke yake, presha nzuri, na ajali isiyo kubwa, anaweza kuangaliwa bila CT na mkojo kurudiwa hadi usafike. Lakini aliyeanguka kutoka juu, aliyerushwa na gari, aliyevunjika mbavu za chini au mifupa ya pembeni ya uti wa mgongo, au mwenye alama ya kupigwa ubavuni, huyo hupigwa hata mkojo wake ukiwa safi. Aliyechomwa kisu au kupigwa risasi ubavuni, mgongoni au kifuani chini, hivyo hivyo. Mdogo wako alikidhi masharti mawili siku ya kwanza: mkojo mwekundu na kuanguka mita nne. Kwa maoni yangu kipimo kilipaswa kufanyika siku ile ile.

Umri wake nao una uzito. Figo ya mtoto na kijana ni kubwa ukilinganisha na mwili, mafuta yanayoizunguka ni machache, misuli ya kiuno ni myembamba, na mbavu zinajipinda badala ya kuvunjika, hivyo pigo linapita hadi ndani. Tena vijana hubana mishipa yao ya damu vizuri mno, wanaweza kupoteza damu nyingi presha ikabaki ya kawaida, kisha ikaporomoka ghafla. Kwao mapigo ya moyo yanayokwenda kasi ni ya kuaminika kuliko presha.

Kuhusu kuanguka, ni vyema kuelewa namna figo ilivyokaa. Inaelea ndani ya mafuta, juu ya misuli ya mgongo, mbavu za 11 na 12 zikiifunika kwa juu. Imeshikiliwa upande wa ndani na shina la ateri na vena, pamoja na mrija wake wa mkojo. Mwili ukisimama ghafla chini, figo bado inaendelea kwenda, na kinachoizuia ni shina hilo. Ateri inavutika, utando wake wa ndani, usionyumbuka kama tabaka la nje, unachanika, na damu inaanza kuganda juu ya mchaniko. Mrija nao unaweza kung'oka pale unapoungana na chumba cha kukusanyia mkojo katikati ya figo. Huhitaji kuona kidonda chochote kwenye ngozi ili haya yatokee.

Nije kwenye ultrasaundi. Haikumdanganya aliyempima, iliulizwa swali jingine. Ultrasaundi ya haraka ya mgonjwa wa ajali inatafuta kama kuna majimaji huru ndani ya tumbo, na kwa hilo inafaa sana: wengu au ini likipasuka, damu inaonekana. Figo ziko nyuma ya utando wa tumbo, ndani ya mfuko wake mgumu, kwa hiyo damu yake hubaki kule nyuma na tumbo likaonekana kavu. Figo iliyochanika bila kuhama umbo inaweza kuonekana nzima, damu mbichi iliyovilia hufanana na nyama ya figo, na mashine haiwezi kutofautisha damu na mkojo uliovuja. Pia ultrasaundi ya kawaida haionyeshi kama figo inafanya kazi. Kuona kitu kwa ultrasaundi kuna maana. Kutoona kitu hakuna maana ya usalama kwa mtu mwenye historia kama hii. Kazi yake nzuri inakuja baadaye, kufuatilia bonge linapungua au linakua.

CT yenye dawa ya kontrasti, ile inayong'aa kwenye picha, ndiyo inayojibu, lakini kwa sharti moja ambalo husahaulika mara nyingi kuliko yote: picha zipigwe kwa awamu. Dawa inapoingia mkononi, katika sekunde 30 hivi za mwanzo iko kwenye ateri, na hapo ndipo tunapoona mshipa ulioziba au damu inayochuruzika. Karibu na sekunde 70 hadi 100 nyama ya figo imeng'aa sawasawa, na mchaniko unaonekana kama ufa mweusi. Katika awamu hizo mbili dawa bado haijageuka mkojo. Mkojo unaovuja unaonekana kama majimaji ya kijivu tu, na mrija uliokatika hauonekani kabisa. Ni baada ya dakika 5 hadi 15 ndipo figo inamwaga dawa kwenye chumba chake na mrijani, na kama kuna tundu, weupe unamwagika nje. Picha zisipopigwa muda huo, jeraha la mrija hupita mbele ya macho ya kila mtu. Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi wa mionzi au daktari kabla mgonjwa hajashuka mezani ni moja: "Picha za kuchelewa, za wakati mkojo unatoka, zimepigwa?" Kama hazijapigwa na bado yuko pale, mara nyingi inatosha kumrudisha mezani bila kumwongezea dawa.

Msomaji mzuri wa picha atatazama pia mahali weupe ulipomwagikia. Ukivuja kwa nje, pembeni mwa figo, kwa kawaida ni nyama iliyochanika hadi ndani. Ukijikusanya upande wa ndani, karibu na uti wa mgongo, anashuku chumba cha kukusanyia mkojo au maungio ya mrija. Na hapo anashuka na mrija kwenda chini kuona kama dawa imefika kibofuni. Dawa ikionekana chini ya jeraha, mrija bado umeshikana, umechanika sehemu tu. Isipoonekana hata tone, huenda umekatika wote. Bonge la damu upande huo wa ndani linaleta hofu ya mishipa mikubwa.

Ripoti itataja daraja, kutoka 1 hadi 5, na familia huogopa namba kuliko inavyostahili. Daraja la 1 ni mchubuko au damu chini ya ganda la figo. La 2 ni ufa usiozidi sentimita 1. La 3 ni ufa unaozidi hapo lakini haujafika penye mkojo, au mshipa unaovuja damu ndani ya mfuko wa figo. La 4 linachukua ufa uliofika kwenye mkojo, chumba cha mkojo kilichochanika, tawi la ateri lililoumia, au damu inayotoka nje ya mfuko. La 5 ni figo iliyosambaratika, au mishipa mikuu iliyokatika. Figo nyingi zilizogongwa ziko madaraja ya chini, na hata nyingi za la 4 huponeshwa bila kisu ikiwa mgonjwa ametulia: kitanda, kupima damu mara kwa mara, na mkojo ukivuja kwa muda, stenti, yaani kijirija laini, inapitishwa kutoka kibofuni hadi kwenye figo ili mkojo upate njia rahisi. Damu inayochuruzika kwenye tawi moja inaweza kuzibwa kwa mrija mwembamba unaopitia kwenye mshipa wa paja. Kuogopa kwamba CT itampeleka chumba cha upasuaji ni kinyume cha mambo. CT ndiyo iliyowapunguzia watu wengi upasuaji na kuondolewa figo bure.

Hofu ya baba si ya kupuuzwa. Dawa ya kontrasti ina iodini, na ni kweli figo iliyochoka kwa kisukari cha siku nyingi, iliyokaukiwa maji, au ambayo tayari haifanyi kazi inaweza kuzidiwa. Kijana wa miaka 16 aliyekuwa mzima, akipewa dripu, hatari hiyo kwake ni ndogo sana. Hatari ya kuacha mkojo uvuje nyuma ya tumbo ukageuka jipu, au mrija ukatike ukazibwa na kovu, ni kubwa na inaharibu figo kweli. Mwambieni daktari kama amewahi kupata mzio wa dawa ya picha, ana pumu, au ana figo moja. Mionzi nayo ipo, na kwa kijana haipaswi kurudiwa ovyo: ipigwe mara moja, kwa ukamilifu, kuliko kupigwa nusu leo na kurudiwa kesho.

Atapimwa damu pia. Wingi wa damu urudiwe kila baada ya saa kadhaa, maana kipimo kimoja baada ya ajali kinaweza kuonyesha namba nzuri kabla mwili haujajaza maji. Kreatinini, ile taka ya damu ambayo figo huitoa, ikipimwa saa ya kwanza inaeleza figo zilivyokuwa kabla ya kuanguka, wala haisemi lolote kuhusu jeraha. Ikipanda siku chache baadaye kwa mtu anayekojoa vizuri, tufikirie mkojo uliovuja unaofyonzwa kurudi kwenye damu.

Sasa mrija wenyewe, ureta. Ndiyo, unaweza kukatika mtu asijue. Ni mwembamba, una urefu wa sentimita 25 hadi 30, umejificha nyuma ya matumbo na unateleza pembeni unaposukumwa, kwa hiyo ajali za kugongwa huuumiza mara chache. Inapotokea, kwa vijana ni kule juu unapoungana na figo. Hauna dalili zake za mwanzo. Si wote wanaopata damu kwenye mkojo, na maumivu yanafunikwa na majeraha mengine. Kinachojitokeza baada ya siku kadhaa ni hichi hichi ulichokieleza: joto, ubavu kuuma, tumbo kujaa na matumbo kugoma, chembe nyeupe za damu kupanda. Sisemi mdogo wako amekatika mrija. Damu iliyovilia ikaambukizwa, au nyama ya figo inayovujisha mkojo, vinaweza kuleta sura ile ile. Nasema hakuna njia ya kutofautisha kwa mkono juu ya tumbo.

CT ya awamu ya kuchelewa ikiacha shaka, kipimo kinachoaminika zaidi kwa mrija ni kupitisha kamera ndogo kwenye njia ya mkojo hadi kibofuni, kuingiza kijirija kwenye tundu la ureta, na kupandisha dawa polepole mgonjwa akiwa chini ya eksirei. Kinaonyesha mahali hasa pa jeraha, na hapo hapo stenti inaweza kupitishwa kama upenyo upo. Kikishindikana, dawa inashushwa kutoka juu kwa sindano inayoingia kwenye figo kupitia mgongoni, na mrija wa kutolea mkojo unaachwa pale kulinda figo. Mgonjwa akiwa ameshafunguliwa tumbo kwa sababu nyingine, daktari auangalie mrija kwa macho, urefu wake wote unaopita karibu na jeraha, akiweka rangi ya bluu ndani ya chumba cha figo kuona kama inatoka. Mrija kujinyonganyonga mbele ya macho yake si uthibitisho kwamba uko mzima. Hata ulioungua au kukatika sehemu huendelea kujinyonga.

Nitoke kidogo kwenye swali lako kwa sababu jambo hili linawahusu wengi zaidi: sehemu kubwa ya majeraha ya ureta hutokea kwenye upasuaji wa chini ya tumbo, hasa kutoa kizazi. Ateri ya kizazi inavuka juu ya mrija sentimita chache tu kutoka shingo ya kizazi, na katika kubana damu inayotoka kwa nguvu, mrija unaweza kufungwa pamoja nayo. Mwanamke ambaye baada ya operesheni kama hiyo anapata homa, ubavu mmoja kuuma, au majimaji yasiyokoma kutoka ukeni au kwenye kidonda, apimwe. Majimaji hayo yakipelekwa maabara na kreatinini yake ikawa juu sana kuliko ya damu, ni mkojo. Kisha kibofu kinajazwa maji ya bluu pamba ikiwa ukeni: pamba ikitoka ya bluu, tundu liko kibofuni, ikitoka imelowa bila bluu, tafuta mrija.

Mahali pasipo na CT, eksirei za figo kwa dawa ya mshipani bado zina faida, angalau kuonyesha kama figo zote mbili zinatoa mkojo. Lakini kwa kijana mwenye joto na maumivu yanayozidi, akiwa ametulia kiasi cha kusafiri, kumhamisha ni bora kuliko kujitahidi na vipimo nusu. Apate dripu, damu ya kundi lake iandaliwe, na mpira wa mkojo uwekwe kupima anatoa kiasi gani, isipokuwa damu ikionekana mdomoni pa njia ya mkojo. Hapo usiwekwe hadi njia hiyo ikaguliwe.

Iwapo CT itaonyesha jeraha dogo na homa ina chanzo kingine, furahini, lakini asirudi jukwaani haraka. Apumzike hadi mkojo uwe safi kwa hadubini, si kwa macho tu, na michezo ya kugongana pamoja na kazi nzito zisubiri wiki 6 au zaidi kulingana na daraja. Katika wiki 2 hadi 3 za mwanzo mshipa uliojeruhiwa unaweza kutuna na kupasuka ghafla, kwa hiyo mkojo ukirudi kuwa mwekundu hata kama amekuwa mzima, arudi usiku ule ule. Baada ya miezi 3 arudie kipimo cha mkojo, kreatinini na picha, na presha yake ipimwe angalau kila mwaka, kwa sababu figo iliyobanwa na damu iliyoganda au yenye mshipa uliosinyaa hupandisha presha kimyakimya, hata kwa kijana ambaye hakuna anayefikiria kumfunga kipimo mkononi.